Yule Mama wa Mawe Mwenye Mikono Minane

Juzi dereva mmoja wa lori alisimama hapa Nyakanazi kula wali na maharage kwenye meza yangu, akaacha mlango wa gari wazi. Ndani alikuwa amechoma kijiti cha udi kufukuza harufu ya dagaa aliowabeba. Ule moshi ukanifikia nikiwa nimeshika mwiko, nikakaa chini. Mteja mmoja akadhani ni presha. "Mama, vipi, nikuletee maji?" Nikamwambia sitaki maji. Nilichotaka ni kusema, ila yeye alikuwa na haraka ya basi. Basi nawaandikia ninyi wa rika langu, mliovuka mpaka kwenye daraja la Rusumo mwaka ule wa vita, mmebebwa mgongoni au mmeshika nguo ya mama. Mimi shule niliishia darasa la nne. Mwenye kutafuta makosa atayapata, na ayachukue. Lakini majina nimeyaandika sawasawa.

Na nianze nayo hayo majina, maana nimechoka kuambiwa yasubiri. Mtu aliyemkata kaka yangu Deo mkono wa kulia anaitwa Tharcisse, fundi baiskeli, mwenye kovu kidevuni. Alikuwa baba yake wa ubatizo. Aliyeshika kamba waliyomfungia baba yetu anaitwa Faustini. Aliyewaambia kwamba baba yumo ndani anaitwa Vestina, jirani ambaye kila asubuhi tulipeana naye moto wa kupikia. Baba alikuwa amekataa kwenda nao kwenye kile walichokiita kazi, yaani kuua watu. Hilo ndilo kosa lake, hakuna lingine.

Ilikuwa mchana, jua linawaka, nguo zetu zimeanikwa kwenye ua. Deo alikuwa na miaka kumi na mmoja, mimi minane. Alisimama mlangoni akashika fremu ili wasipite. Tharcisse akamwambia, "Mwanangu, ondoa mkono." Alimwambia mara tatu, kwa upole, kama mtu anayemwambia mtoto atoke juani. Deo hakuondoa. Mimi nilikuwa nyuma ya mtungi wa maji, na niliona.

Tulipofika kambi ya Benaco nilidhani Tharcisse tumemwacha ng'ambo. Mtoto anadhani mpaka ni ukuta. Wiki ya pili nikamwona kati ya maturubai, rozari shingoni, daftari kwapani, amechaguliwa kiongozi wa mtaa wetu wa kambini. Chakula kilipita kwake, kuni zilipita kwake, hata maneno yalipita kwake. Alitusalimia vizuri. "Mama Deo, poleni. Mtoto wangu anaendeleaje?" Muuguzi alipomuuliza mama mkono huu umekatwa na nini, Tharcisse alikuwa amesimama nyuma ya huyo muuguzi, anamsaidia kushika ndoo. Mama akajibu, "Mashine ya kusaga." Tulipobaki wenyewe akaniinamia sikioni. "Usije ukasema ni nani aliyekata. Hata usingizini. Umesikia?" Nikaitikia. Na sikusema. Hilo mlishike, maana mpaka leo wapo wanaodai kwamba nilivunja amri ya mama yangu. Sikuivunja.

Kisha wakaanza kuja wageni wenye kamera. Tharcisse alikuwa akimvua Deo shati, anamsimamisha mbele, anamshika kiwiko na kuinua kile kigutu juu ili kionekane vizuri. "Tazameni adui zetu walivyotufanya!" Wageni walitikisa kichwa kwa huruma. Mmoja alilia. Mara ya tatu alipofanyiwa hivyo, Deo aliacha kusema. Akaacha na kula. Kwetu mkono wa kushoto haupeleki chakula mdomoni mbele ya watu, wala haumpi mtu kitu, na yeye alikuwa amebakiwa na huo tu. Sahani ikiwekwa chini, tukizunguka, anageukia turubai, anatikisa kichwa kama mtu aliyeshiba. Mama akimtilia tonge mdomoni anatema. Mbavu zikaanza kuonekana. Nilimsikia mama akimwambia jirani, "Huyu mtoto ananifia kwa adabu."

Siku Tharcisse aliposema wanakuja wageni wengine, wakubwa zaidi, na kwamba Deo sasa ahamie kwake kabisa ili awe karibu, mama alitutoa asubuhi na wanawake wanaokwenda kutafuta kuni. Wao wakaingia porini, sisi tukashika barabara. Lori la mahindi lilitubeba mpaka Biharamulo. Tulikuwa hatuna ruhusa ya kutoka kambini, na mama alijua. Alikaa juu ya magunia ameshikilia kichwa cha Deo mapajani kama anayeshikilia kuku asiruke.

Aliyetupokea ni mwanamke mjane, Msubi, mwenyeji wa pale, jina lake Restituta, mrefu, mwenye sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Tulimkuta shambani peke yake.

"Shikamoo, mama," mama akamwambia.

"Marahaba. Unajua kulima muhogo?"

"Najua kulima chochote."

"Mume yuko wapi?"

Mama akainama, akang'oa gugu lililokuwa mguuni pake.

"Haya, sijauliza," Bibi Restituta akasema, akampa jembe.

Pa kulala alituweka kwenye chumba cha wageni cha kanisa la Wahindi, ndivyo watu walivyoliita, kwa kuwa funguo alikuwa nazo yeye. Wahindi wenye maduka walikuwa wamelijenga zamani, nje kidogo ya mji, kisha wakahamia Mwanza na kumwachia kazi ya kufagia. Alisema michongo iliyomo haikuchongwa hapa. Ilikuwa mawe ya hekalu la kale kabisa la huko kwao, lililoanguka, na wazee wao waliyaleta kwa meli, kwa reli, tena kwa lori, wakayapanga upya Biharamulo kama mtu anayehama na nguzo za nyumba ya babu yake. Zilikuwa nyumba tatu ndani ya ua mmoja, kisima katikati, na ukuta unaozunguka. Leo nikifikiria nacheka kwa uchungu. Mawe ya watu yalihama yakapewa kiwanja. Sisi tulipewa turubai.

Ijumaa ya kwanza Bibi alifungua mlango mkubwa akatuita tumsaidie kufagia. "Piteni. Msiogope, hayaumi." Ndani kulikuwa na ubaridi wa mtungi. Wale Wahindi walimwagiza awashe kijiti cha udi kila akifagia, naye aliwasha, na ule moshi ulikuwa unachanganyika na harufu ya muhogo uliovundikwa kule uani. Nikamuuliza kama anayaabudu yale mawe.

"Mimi? Mimi Mkatoliki wa kubatizwa. Siyaabudu, nayafagia. Padri naye aliniuliza hivyo hivyo. Nikamwambia, Baba, hata nyumba yako naifagia, na wewe sijakuabudu."

Nilikuwa sijawahi kuona jiwe likitiishwa namna ile. Chini ya ukuta walipangwa tembo wadogo, kila mmoja urefu wa kiganja, na hakuna aliyefanana na mwenzake: huyu anavuta mkia wa aliye mbele, huyu amegeuka nyuma kana kwamba ameitwa jina. Juu yao wasichana wanacheza ngoma, viuno vimepinda, na njuga za miguuni zimechongwa moja moja. Kulikuwa na mtu mnene mwenye kichwa cha tembo, ameketi na bakuli la vitumbua mapajani, hana aibu ya kitambi chake. Deo alimtazama huyo kwa muda mrefu. Mimi niliwapita wote, kwa kuwa kwenye nyumba ya tatu, ukutani, nilimwona yeye.

Alikuwa mama wa jiwe la rangi ya asali, kimo changu mimi, na alikuwa na mikono minane. Nilihesabu mara mbili. Mmoja umeshika ua, mwingine kengele, mwingine konokono mkubwa wa baharini, mwingine chungu, mwingine upinde. Mmoja ulishika upanga; huo sikuutazama. Mmoja ulishika kamba. Na mmoja wa kulia, wa mbele kabisa, haukushika kitu. Kiganja kiko wazi, kimetuelekea sisi.

Sasa nisikilizeni nilivyofikiri, na msicheke. Nilikuwa nimetoka mahali ambapo watu wamepungukiwa mikono, nikakuta mtu aliyezidishiwa. Sikuona muujiza, niliona ghala. Nikaelewa papo hapo, bila kufundishwa: mikono inayochukuliwa kule kwetu haipotei. Inaletwa hapa, huyu mama anaitunza, mpaka mwenyewe aje aiombe. Na ule usio na kazi ndio ulio tayari kutolewa.

Kuomba nilikujua. Babu yetu alipokwenda kuomba ng'ombe kwa mtu, alipiga magoti, akapiga makofi polepole, akaongea habari za mvua na ndizi, akarudi nyumbani bila kutaja ng'ombe. Siku ya pili vilevile. Mpaka mwenye ng'ombe mwenyewe aulize: una haja gani? Anayetaja haja yake siku ya kwanza, babu alisema, ni mwizi aliyekosa ujasiri. Nami nikafanya hivyo hivyo. Kila siku mama akiwa shambani nilichukua maharage yangu kidogo, nikayafunga kwenye jani la mgomba, nikapitia dirisha la upande lililovunjika, nikamwekea miguuni. Nikapiga magoti, nikapiga makofi, nikamweleza habari za mvua. Siku ya nne nilikuja na uzi wa mgomba niliompimia Deo mkono wa kushoto alipokuwa amelala, nikaupima na ule wa jiwe. Vilikuwa sawa, au nililazimisha viwe sawa.

Lakini nikaingiwa na wasiwasi: mkono si wangu. Mwenyewe lazima aje. Nikamwendea Deo chumbani.

"Twende ukaombe mkono wako."

Alinitazama. Halafu, baada ya majuma mangapi sijui, akasema. "Toka hapa, we mtoto."

"Upo. Nimeupima."

"Kuomba ni kwa makofi. Makofi ni mikono miwili."

"Nitakuazima wangu mmoja."

Sijui kwa nini alikuja. Labda kunikomesha. Tulipiga magoti bega kwa bega, yeye kwa mkono wake wa kushoto, mimi kwa wangu wa kulia, tukagonganisha viganja. Mwanzo tulipishana, nikampiga puani. "We! Polepole," akasema, na nikaona meno yake. Tukajaribu tena mpaka ikatoka sauti moja iliyo sawa, ikazunguka kwenye zile kuta, kana kwamba wapo wengine wanaoomba nyuma yetu. Nilimweleza yule mama habari za mvua. Deo alikuwa anamkagua kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Huyu," akasema, "ana mikono minne ya kushoto."

"Ndiyo."

"Na yote imeshika kitu. Mbele ya watu." Akausogelea ukuta. "Haoni aibu."

Akavuta lile jani, akalifungua kwa mkono wa kushoto, akala maharage ya yule mama. Yote. Nilikasirika sana, nikamwambia ameharibu ombi. Kesho yake nilipeleka mengine, akayala. Nikawa napunguza yangu na kuiba ya mama ili yatoshe. Mama aliona sahani yangu inaisha haraka na Deo mashavu yanarudi, hakuelewa, hakuuliza. Wakati ule tulikuwa watu wa kutouliza.

Jumapili moja baada ya misa, wanawake watano wa pale jirani walikuwa wamekaa uani na Bibi wanamenya muhogo, na mama kati yao. Deo alikuwa ndani ya nyumba ya tatu, ambayo Bibi alikuwa ameifungua ipate hewa. Geti likasukumwa. Alikuwa Tharcisse, shati jeupe, rozari, na mfuko wa rambo mkononi, mzito, umefungwa fundo.

"Amani kwenu, akina mama. Natafuta familia yangu."

Kisu cha mama kilisimama.

"Mama Deo! Umetutia hofu kambini. Mtoto wangu nimemletea kitu. Yuko wapi? Wageni wanafika keshokutwa, gari linanisubiri barabarani."

"Wewe ni nani wao?" Bibi akauliza.

"Mimi ni baba yake wa ubatizo, mama yangu. Nimemshika huyu mtoto mbele ya altare."

Mimi nilikuwa natazama ule mfuko. Mwili wote ulinisisimka kwa furaha, naapa, kwa furaha. Nilikuwa nimeomba siku nyingi kupita hata za babu, nilikuwa nimekata tamaa, na kumbe yule mama alinisikia. Hakuwa nao yeye. Amemwita aliye nao! Nikakimbilia mlango wa nyumba ya tatu nikipiga kelele, "Deo! Deo, toka! Ameuleta!"

"Ameleta nini, mjukuu wangu?" Bibi akauliza.

"Mkono wake! Amekuja kuurudisha!"

Hakuna aliyesogea. Mwanamke mmoja aliuliza kwa sauti ya chini, "Nani kasema nini?"

"Huyu," nikawaambia, nikimwonyesha kwa kidole, maana niliona hawaelewi. "Ndiye aliyeondoka nao."

Mnaona? Sikusema amekata. Nikaufungua ule mfuko mwenyewe, kwa meno. Kulikuwa na shati jipya, sukari, na kipande cha sabuni. Nilitoa vyote nikaviweka chini. Nikatia mkono mpaka mwisho wa mfuko, nikaugeuza, nikaukung'uta. Ndipo nikamtazama usoni.

"Uko wapi?"

Tharcisse akacheka. "Watoto wa vita, mama yangu, wanaota mchana."

"Wanaota, kweli," Bibi akasema. "Lakini wewe unatoka jasho. Mtoto amekuuliza. Mjibu."

"Mama Deo," akasema Tharcisse, na ule upole ulikuwa umerudi, upole wa mlangoni kwetu, "waambie. Ile mashine."

Mama akainuka. Maganda ya muhogo yakamdondoka kutoka mapajani. Alianza kwa lugha ya nyumbani, akakatiza, akatafuta maneno ya Kiswahili moja moja ili wale wanawake wote wasikie. "Hakuna mashine. Ni huyu. Tharcisse. Na baba yao pia, ni huyu."

"Fikiria unachosema. Barabara ya hapa naijua sasa," Tharcisse akamwambia.

"Mwanangu," akamwita Deo juu ya kichwa cha mama, "njoo twende."

Deo alikuwa amesimama pale mlangoni, jani la maharage miguuni pake. Hakurudi ndani wala hakutoka. Aliinua mkono wa kushoto akashika fremu ya mlango. Wale wanawake hawakuambiana kitu. Waliinuka mmoja mmoja, kila mtu na kisu chake cha muhogo, wakaenda wakasimama mbele yake. Bibi Restituta aliokota shati, sukari na sabuni, akavirudisha kwenye mfuko bila haraka, akamkabidhi. "Chukua chako. Na barabara ukiijua, ujue na sisi tunakaa kandokando yake."

Tharcisse akaenda zake. Nililia mpaka nikatapika, na kila mtu alidhani ni kwa woga. Nililia kwa sababu lilikuwa shati.

Msinitafutie mwisho mzuri. Hakuna aliyemkamata. Kambi zilipofungwa alirudi kwake, na nimeambiwa ana duka la vipuri vya baiskeli na anaimba kwaya. Mwaka hata mwaka huja mtu mwenye sauti laini kuniambia mambo yamepita, tusamehe, nisitaje majina kwa ajili ya watoto wao. Watoto wao wana mikono miwili miwili. Mimi sijasamehe, na sitasingizia kwamba nimesamehe ili mtu mwingine alale vizuri. Deo ana shamba Nyamiaga, ana watoto, anakula anavyotaka. Nikimuuliza kuhusu yule mama wa mawe, anasema alijua tangu siku ya kwanza kwamba ni jiwe. "Sasa mbona ulikuja kupiga makofi?" "Nilikuwa na njaa," anasema.

Kesho yake, baada ya Tharcisse kuondoka, mama alimpeleka Deo hospitali. Kile kigutu kilikuwa hakijapona vizuri, na mpaka siku ile mama alikuwa anaogopa kukionyesha. Foleni ilikuwa ndefu. Karani wa dirishani alikuwa na kitabu kikubwa, aliandika bila kuinua macho. Jina la mtoto. Umri. Anakotoka. Mama akataja kijiji chetu cha kweli.

"Sababu ya kukatika mkono?"

"Tharcisse," mama akasema.

Karani akainua macho. "Nini?"

"Tharcisse. Fundi baiskeli."

"Mama, hilo ni jina la mtu. Hapa inaandikwa sababu. Panga, mashine, gari, moto."

"Panga halikuja lenyewe. Andika."

"Siwezi kuandika mtu kwenye sababu. Na jina la kwenu hilo silijui hata linavyoandikwa."

Deo akasogea dirishani. Kabla ya vita alikuwa wa kwanza darasani kwa mwandiko. "Nipe mimi," akasema, akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, kitu ambacho alikuwa hajawahi kufanya. Karani alitaka kuivuta, akamtazama mama, akaiacha. Deo alilaza kifua juu ya kitabu. Herufi ya kwanza ilitoka kubwa na imeanguka upande. Ya pili ikapanda mstari wa juu. Nyuma watu wakaanza kunung'unika, mtoto analia, mzee mmoja akauliza kwa sauti huko mbele kuna nini.

Mama hakugeuka. Alitandaza viwiko vyake kwenye kidirisha, huku na huku, asipite mtu, mpaka Deo alipomaliza jina lote.